Baiskeli Isiyo na Keria

Shangazi Mize hakuigusa. Aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua, kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameikumbatia ngata yake. Akaitazama tena ile baiskeli mpya, kuanzia usukani hadi tairi la nyuma, halafu akanitazama mimi.

"Naiweka wapi hii?"

Nilikuwa bado nahema, na bado nimefurahi. Nilikuwa nimeiendesha kutoka Kilindoni, kwanza kwenye lami, kisha kwenye njia ya mchanga inayokata minazi na mashamba ya mihogo ya Baleni, hadi kitongojini kwetu pwani, na safari nzima nilijiona kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi. Gia ishirini na moja. Breki za diski mbele na nyuma. Shokapu mbili, moja kwenye uma wa mbele na nyingine katikati ya fremu, chini ya siti. Mizizi ya minazi niliyokuwa nikiikwepa tangu utoto, siku hiyo niliipita juu kwa juu.

"Naiweka wapi, Taufiki?"

Wanawake wengine wana ngata ya kuviringisha, ya kuwekea ndoo kichwani. Ya shangazi yangu ni bapa, imeshonwa kwa vipande vya kanga na kujazwa usumba wa nazi uliopondwa ukalainika. Mahali pake ni juu ya keria ya baiskeli. Shangazi ni mhudumu wa afya wa kitongoji chetu, na kwa miaka kumi na minne amekuwa akiwapakia wajawazito kwenye keria, wamekaa upande, mkono mmoja umeshika siti, hadi zahanati, na mambo yakiwa magumu, hadi hospitali Kilindoni. Bodaboda wapo, lakini mwenye uchungu hawampakii. Wanaogopa kuja kuambiwa kuwa wao ndio waliomtikisa. Kila mwanamke aliyerudi salama na mtoto hukata kipande cha kanga yake akakishona kwenye ngata ile. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Alianza mmoja, wengine wakafuata, na sasa vipande vimepandana tabaka tatu. Cha dada yangu Nasma kimo, cha kisutu, pembeni upande wa kulia. Siku Nasma aliposhushwa kwenye keria hiyo na mwanawe mikononi, mimi ndiye niliyeipokea baiskeli na kuiegemeza ukutani.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Nilijua, na bado nilileta baiskeli isiyo na keria.

Nilirudi Mafia mwaka jana na shahada ya maendeleo ya jamii na daftari lililojaa mipango. Nikapata mkataba wa miezi sita kwenye mradi mmoja wa afya ya mama wenye ofisi yake Kilindoni. Mradi ulikuwa unataka kuwanunulia wahudumu wa vitongoji baiskeli kumi na mbili, na mratibu, Bwana Sudi, akanikabidhi kazi ya kuchagua aina. Moja ingeletwa kwanza ijaribiwe. Nikiridhika ningesaini fomu, na nyingine kumi na moja zingeagizwa za aina ileile. Aliniambia kuwa mimi ni msomi, tena kijana, nazijua hizi baiskeli za gia. Nilipenda kuitwa msomi.

Sikuifanya kazi kivivu. Nilikwenda Dar, nikashinda siku tatu Kariakoo. Nilitaka baiskeli moja itakayofaa lami ya Kilindoni na njia za mashamba, na hilo si jambo dogo. Tairi nyembamba hukimbia kwenye lami lakini mchangani huzama kama kisu kwenye boga. Nene mno huelea mchangani lakini kwenye lami huvuma na kuchosha mapaja. Nikachagua ya inchi mbili na robo, yenye meno mafupi katikati na marefu pembeni. Nikachagua fremu ya alumini, kwa sababu chuma na chumvi ya pwani haviivani. Nikajaribu moja baada ya nyingine katika uwanja wa shule, nikapanda ngazi nayo, nikashuka ngazi nayo. Nikaandika ripoti ya kurasa tisa yenye jedwali la safu kumi na nne: uzito, gia, breki, upana wa tairi, urahisi wa kukunja kona. Safu ya anayekaa nyuma haikuwamo. Na nikisema ukweli wote, ile iliyopata alama nyingi ndiyo niliyokuwa naitamani tangu niko kidato cha pili.

Mtu mmoja alinionya. Bi Zahabiya ana duka la vipuri Kilindoni, alilorithi kwa baba yake, marehemu Abbasali, na hakuna baiskeli kisiwani isiyo na kitu kilichopita mikononi mwake. Baiskeli ya majaribio iliposhushwa bandarini nilimpelekea akaze breki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye goroli alizokuwa akizihesabu ndani ya kopo. Akauliza nani ataipanda. Nikasema shangazi yangu Mize.

"Na nani?"

"Peke yake, Bi Zahabiya."

Akacheka kidogo, puani, akaendelea na goroli zake. Nami nikaondoka nikidhani anamcheka shangazi, kwamba mama wa miaka hamsini ataiwezaje baiskeli ya gia.

Basi siku ile kitongojini nikamweleza shangazi kwamba hii ni baiskeli ya mlimani, na baiskeli ya mlimani haiwekwi keria. Yeye akageuka akatazama kusini, minazi. Akatazama kaskazini, minazi. Akatazama magharibi, maji mafu yamelala kimya.

"Mafia mlima uko wapi?"

Somoe, jirani yetu, alikuwa ameketi kibarazani akimenya mihogo. Alicheka hadi akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Alikuwa wa miezi minane, na mumewe alikuwa dago, amepiga kambi Shungimbili na wavuvi wenzake. Kicheko chake kiliniumiza kuliko nilivyotegemea. Nikapandisha sauti. Nilimwambia shangazi yangu, aliyenilea miaka minne mama alipokuwa mgonjwa, kwamba Dar watu wanaitamani baiskeli kama ile na hawaipati. Nikasema kisiwa hiki hakiendelei kwa sababu kila kipya kinatafutiwa kasoro kabla hakijajaribiwa. Nikasema nimehangaika siku tatu kwenye jua kwa ajili yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Warudishie hao wanaoitamani. Na ukisema na mimi, shusha sauti, mimi si mwenzio."

Nikalala na hasira. Baiskeli yake ya zamani ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko, uma wa mbele umechomelewa mara tatu na sasa umepasuka tena palepale. Fundi alikuwa amekataa kuuchomelea mara ya nne. Kila nilipoutazama nilijiambia kwamba shangazi hana shukurani. Tangu ile ipasuke alikuwa akitembea kwa miguu, na bado anachagua.

Kesho yake asubuhi nilirudi kwa Bi Zahabiya kutafuta keria, niimalize hoja. Alinionyesha aliyokuwa nayo, ile ya kubana kwa skrubu kwenye bomba la siti, inayoelea nyuma bila miguu ya kushuka hadi kwenye ekseli. Nikauliza zile za miguu, akaniuliza nitaifunga wapi miguu yenyewe, kwenye fremu inayokunjika katikati. Akasema hiyo ya kubana ni ya mkoba wa shule. Nikasema itatosha.

"Nakuuzia kwa sababu huambiliki," alisema.

Nikaifunga vizuri, nikaikaza mpaka mkono ukaniuma. Kitongojini nikamwita shangazi nje. Somoe alitoka pia akasimama kwenye kivuli cha jiko. Nikapanda, nikashika breki, nikamwambia shangazi akae. Alitandika ngata, akaipapasa kidogo kama afanyavyo siku zote, akakaa upande. Shokapu ya katikati ikashuka papo hapo. Siti ilishuka nami juu yake, keria ikashuka na shangazi, na nilipoanza kukanyaga ikagusa tairi na kutoa mlio wa nguo inayochanika. Hatujafika hatua kumi, kile kibanio kikazunguka kwenye bomba. Sikuona alivyoanguka. Nilisikia tu uzito wake umeondoka.

Alikuwa amelala ubavu juu ya tuta la mihogo, kiwiko kimechubuka. Niliitupa baiskeli nikamkimbilia, akaukataa mkono wangu. Akanyanyuka mwenyewe, akakung'uta mchanga kwenye dera, akaiokota ngata akaikung'uta nayo, kipande kwa kipande.

"Jana nilikuuliza naiweka wapi. Leo umenijibu."

Lakini mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa namtazama Somoe. Safari hii hakucheka. Aliweka mkono wazi juu ya tumbo, akaitazama baiskeli iliyolala mchangani gurudumu likizunguka, akarudi ndani kwake na kufunga mlango.

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama. Nilichukua ripoti yangu, nikaisoma nimekaa juu ya tuta lile, kurasa zote tisa. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Nilitafuta neno "mjamzito" nikalikuta mara mbili, zote mbili kwenye jina la mradi.

Jumatano niliirudisha baiskeli ofisini mapema, na nilikwenda na matumaini. Nilidhani Bwana Sudi atashtuka kama nilivyoshtuka. Yeye ni mzaliwa wa hapahapa, mama yake ni wa njia ya Ras Mkumbi, hakuna asilolijua kuhusu ngata na keria. Nikamweleza kuanguka kwa shangazi. Nikamwambia kosa ni langu lote, kwamba tunahitaji fremu ya chuma isiyo na shokapu ya katikati, bomba la juu lililoinama ili mwenye dera apande bila tabu, keria ya kuchomelewa yenye miguu hadi kwenye ekseli. Nikamwambia gia tatu zinatosha, kwa sababu hizi ishirini na moja chumvi ya pwani itazila kabla ya mwaka. Maji yakikupwa, wahudumu wote hupita ufukweni, kwenye mchanga mgumu, na maji ya chumvi hurukia cheni. Nilikuwa nimechora hata picha.

Aliitazama picha kwa heshima. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma juu ya kichwa chake. Kisha akasema kwamba keria ndiyo hasa anayoikimbia.

Nikadhani sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama mwalimu. Kazi ya mhudumu kwenye karatasi ni kutembelea kaya, na chombo cha mradi hakibebi abiria. Wakipewa baiskeli zenye keria watapakia, na siku moja mama atajifungulia njiani juu ya chombo cha mradi, halafu ataulizwa yeye.

"Na akijifungulia njiani akiwa anatembea kwa miguu?" nikamuuliza.

"Huyo si wa mradi."

Alisema hivyo bila ubaya usoni, akinifungulia chupa ya maji. Akaongeza kwamba ripoti yangu imemsaidia sana. Angezikataa keria yeye mwenyewe, wanawake wangelalamika hadi wilayani. Sasa zimekataliwa kitaalamu, na aliyezikataa ni mtoto wao.

Sijui nilitokaje mle ndani. Nakumbuka nilisimama nje kwenye jua nikiwa na ile chupa mkononi, nimeibana hadi imekunjamana na maji yananichuruzikia viatuni. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu ili niwe na faida kwa watu wa kwetu. Na hii ndiyo faida niliyokuwa nayo: sura yangu na shahada yangu vimetumika kufunga mlango ambao mwingine aliona haya kuufunga.

Makabidhiano yalikuwa Alhamisi saa nne. Waliweka turubai mbele ya ofisi, viti vya plastiki, maji ya chupa, na wageni watatu kutoka makao makuu Dar. Baiskeli ilisimamishwa katikati, imefungwa utepe wa buluu kwenye usukani. Walikuwa wameivua ile keria ya kubana. Wahudumu wote kumi na wawili walikuja. Shangazi alipita ufukweni saa moja, maji yalipokupwa, akafika miguu imekauka mchanga mweupe hadi magotini. Kiwiko amekifunga kitambaa. Chini ya buibui alikuwa amebeba kitu, na mimi nilijua ni nini.

Bwana Sudi alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Akasema baiskeli hii imechaguliwa kwa vigezo vya kisayansi na mtoto wa hapahapa, akanionyesha, watu wakapiga makofi. Fomu ilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Mpiga picha akamwomba shangazi apande. Shangazi hakupanda. Aliisogelea baiskeli, akaitoa ngata, akasimama nayo mbele ya wote.

"Bwana Sudi, naiweka wapi hii?"

Bwana Sudi akacheka kwa upole akasema aitundike tu kwenye usukani, itapendeza kwenye picha. Wageni nao wakatabasamu, bila kujua wanatabasamia nini. Shangazi aliirudisha ngata kifuani. Alinigeukia mimi. Hakuwa na haja ya kuuliza mara ya nne.

Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha, yote yakanipotea. Nilisema nilichokiweza. Nilisema baiskeli hii nimeichagua mimi na nimeichagua vibaya, kwa sababu niliuliza maswali kumi na manne na sikumuuliza hata mmoja wa watakaoipanda. Nikawaambia wageni ngata ile ni nini, na kwamba kipande kile cha kisutu ni cha dada yangu. Nikasema shangazi yangu ameanguka juzi, na angekuwa mwingine wangeanguka wawili. Halafu nikawageukia wahudumu nikawaomba, asiyewahi kumpakia mjamzito kwenye keria anyooshe mkono.

Kumi na mmoja walikuwa wameketi, shangazi amesimama. Hakuna mkono uliopanda.

Bwana Sudi akaniambia nikae. Nikamwambia sisaini. Akaja karibu, akanishika bega kama baba, akaninong'oneza kwamba mkataba wangu unaisha mwezi ujao na yeye ndiye anayeandika kama utaendelea. Mkono wake ulikuwa wa baridi bado, wa kiyoyozi.

"Najua," nikasema. "Lakini hiyo kalamu kaishike wewe. Andika jina lako kwamba keria umeikataa wewe, siyo mimi."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza, "Keria imekataliwa?" Bwana Sudi akaanza kumweleza kuhusu sera ya usalama. Shangazi yeye alikuwa amekwishageuka. Akaipachika ngata kwapani, akatoka chini ya turubai, na wenzake wakanyanyuka mmoja mmoja wakamfuata, bila kelele, wakivuta viti nyuma ili wasivikanyage. Baiskeli ikabaki na utepe wake.

Nilimkuta shangazi kwenye duka la Bi Zahabiya. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Bi Zahabiya alikuwa amesimama juu ya kigoda, vazi lake la Kibohora, rida, amelikunja kiunoni, anaifungua kamba ya baiskeli moja nyeusi iliyokuwa ikining'inia darini tangu utoto wangu. Ilikuwa ya Abbasali. Chuma kitupu, nzito, keria pana kama kiti, miguu ya keria imekazwa kwenye ekseli kwa nati kubwa. Watu wengi waliwahi kuitaka, na jibu lake lilikuwa moja siku zote, kwamba haiuzwi.

"Haiuzwi," alisema tena, akinipokeza gurudumu la nyuma ili tuishushe. "Inaazimwa. Mpaka Somoe arudi na mtoto wake, na mpaka hao mabwana wapate akili. Irudi na mafuta kwenye cheni, Taufiki. Nimeshaijaza upepo."

Shangazi akatandika ngata. Ilikaa pale kama iliyopimwa. Nikamwambia apande mbele, mimi nitatembea. Akakaa nyuma, upande, akashika siti.

"Wewe ndiye mtaalamu wa baiskeli," alisema. "Nipakie."

Ilikuwa saa sita imepita. Maji yalikuwa yamejaa, ufukwe umekwisha, hakuna njia isipokuwa ya ndani. Kwenye lami tulikwenda vizuri, hata watu walitupungia mikono, na wengine walitutania kwamba mwari anapelekwa kwa mumewe. Lami ilipoachana nasi mchanga ukatupokea. Nilikanyaga hadi macho yakaniwaka. Gurudumu la mbele lilikuwa linakwenda linakotaka. Mara ya kwanza baiskeli iliposimama nikamwomba shangazi ashuke kidogo, tuvuke pale palipo laini.

"Mwenye uchungu hashuki."

"Shangazi, wewe huna uchungu."

"Ninao. Tangu Jumatatu."

Hakushuka. Nikaisukuma naye juu yake, kifua kwenye usukani, jasho linaniingia mdomoni. Aliniambia nisikate mchanga katikati, nifuate majani ya pembeni. Aliniambia nipunguze upepo kwenye tairi la nyuma, na nilipopunguza likatanuka likaacha kuzama. Aliniambia kwenye mizizi nisiruke, nipite taratibu, tena mshazari, kwa sababu aliyeko nyuma anaipokea kwa kiuno. Kila jambo nililoliandika kwenye jedwali lilikuwa na jibu lake, naye alilisema akiwa amekaa, kwa sauti ya mtu anayekemea, na sikuwa na mkono wa kuandika. Nilikuwa na hasira naye, na Bwana Sudi, na mchanga, na zaidi na yule kijana aliyepita njia hii siku tatu kabla, mwepesi, akifurahia jinsi mizizi ilivyokuwa haimgusi.

Tulikuwa tumefika mashamba ya Baleni simu ilipoita mfukoni. Ilikuwa ya Bwana Sudi. Sauti yake haikuwa ile ya ofisini. Akasema wageni wameuliza maswali mengi yasiyo ya lazima. Uagizaji umesimamishwa. Sheria ya abiria iko palepale, hilo nilielewe, lakini wanataka kuona vigezo vipya, na wanataka kuwasikia wahudumu wenyewe kabla hawajapanda ndege. Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, nisichelewe. Kuhusu mkataba wangu hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Nikamwambia shangazi. Alifikiri huku akiitengeneza ngata chini yake.

"Saa mbili bahari haijatoa njia," alisema. "Jumatatu ni bamvua, maji yanakupwa saa nne. Mwambie atungoje saa tano. Tutapita ufukweni wote kumi na wawili, kwa hizohizo mbovu zetu na za kuazima, kila mmoja na mtu wake nyuma. Aje aone hao abiria wake."

"Na Somoe?"

"Somoe anakaa nyuma ya hii. Akitaka kuzaa palepale ofisini kwao, na azae."

Nilimpigia Bwana Sudi nikamwambia saa tano. Akaanza kusema kitu, nikakata simu, mara ya kwanza katika maisha yangu kumkatia simu mtu mkubwa. Sikujua kama Jumatatu watatusikiliza. Nilikuwa na imani kwamba watatusikiliza, kwa sababu ndivyo nilivyo, lakini kwa mara ya kwanza sikutaka imani hiyo ikae peke yake bila keria, bila nati, bila namba ya unene wa chuma.

Nikamuuliza shangazi miguu ya keria iwe ya chuma cha unene gani.

"Endesha kwanza," alisema. "Nitakwambia tukifika."